Tezi ya shingoni, gunia la chumvi na joto la mwili wa mfanyabiashara

GASENYI, Bujumbura – Mfikirie mfanyabiashara wa mboga anayetoka hapa Gasenyi alfajiri, akapanda gari hadi soko la Bugarama kuchukua karoti, kabichi na viazi. Bugarama iko juu ya mita 2,000 na ukungu wa asubuhi haumwachi mtu bila koti. Saa chache baadaye ameteremka mjini, karibu mita 800 tu, ambako joto la Ziwa Tanganyika linawafanya wenzake wafungue vifungo vya shati. Yeye bado amevaa sweta. Mikono yake ni ya baridi, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, na hesabu aliyokuwa akiifanya kichwani sasa anaifanya kwa kalamu mara mbili.

Majirani wana majibu mengi. Mmoja atasema, "Dada, umri unakuja." Mwingine atasema ni mawazo ya madeni, na wa tatu atapunguza sauti na kumwambia kuna mtu sokoni hamtakii mema. Ni wachache watakaomwambia aende akapimwe tezi iliyo mbele ya shingo yake, chini kidogo ya kikoromeo.

Tezi hiyo huitwa thairoidi. Ina umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni takribani gramu 20, chini ya vijiko viwili vya mezani vya sukari. Hata hivyo ndiyo inayoamua kasi ambayo mwili mzima unatumia chakula kutengeneza nguvu na joto. Wataalamu huiita kazi hiyo umetaboli. Malighafi ambayo tezi hii haiwezi kufanya kazi bila yake husafiri ndani ya bidhaa inayopita kila siku mikononi mwa wafanyabiashara wa mipakani: chumvi.

Kiwanda cha gramu 20

Malighafi hiyo ni ayodini, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa jina la madini joto. Jina linafaa kweli, kwa sababu kazi yake kubwa mwilini inahusu joto.

Mtu akila chakula chenye madini joto, huingia kwenye damu, na tezi huyanasa na kuyaweka ghalani. Hapo huyaunganisha na protini na kutengeneza homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo kila chembe yake hubeba atomu nne za ayodini, na kwa sababu hiyo madaktari huiita T4. Ya pili hubeba atomu tatu, nayo huitwa T3. Sehemu kubwa ya mzigo unaotoka kiwandani ni T4, lakini hiyo ni kama bidhaa ya jumla. Ikifika kwenye ini, figo na viungo vingine, huondolewa atomu moja ya ayodini na kuwa T3, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi.

T3 huingia ndani ya seli hadi kwenye kiini chake, mahali zinapohifadhiwa amri za urithi. Hapo huwasha amri kadhaa: seli iongeze mitambo ya kuchoma sukari na mafuta, itumie oksijeni zaidi, isukume chumvi kwa kasi zaidi kupitia kuta zake. Kazi hizo zote huzalisha joto. Moyo hupiga kwa nguvu, utumbo husukuma chakula, ngozi na nywele hujijenga upya, na ubongo hufikiri bila kusuasua.

Uhusiano wa tezi na moto wa mwili ulithibitishwa mwaka 1895 na daktari Mjerumani Adolf Magnus-Levy, aliyepima hewa wanayovuta wagonjwa na kuona kwamba wakipewa dawa iliyotokana na tezi ya mnyama, matumizi yao ya oksijeni yanapanda. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Mmarekani Edward Kendall alifanikiwa kutenga thairoksini yenyewe. T3 iligunduliwa baadaye sana, mwaka 1952, jijini London.

Oda kutoka makao makuu

Mfanyabiashara yeyote mwenye wakala mji mwingine ataelewa haraka namna tezi inavyosimamiwa. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo ofisi kuu. Muda wote inakagua kiasi cha homoni kilichomo kwenye damu. Kikipungua, hutuma oda kwa njia ya homoni iitwayo TSH: ongezeni uzalishaji. Kikizidi, oda hupunguzwa. Kwa mtu mwenye afya, hesabu hiyo hujisawazisha yenyewe mchana na usiku.

Tatizo huja malighafi inapokosekana. Ofisi kuu inaona soko halina mzigo, inatuma oda. Mzigo hauji. Inatuma oda kubwa zaidi. Kiwanda, badala ya kuzalisha, kinaajiri vibarua wapya na kupanua majengo, lakini bado hakina cha kutengenezea. Upanuzi huo ndio uvimbe unaoonekana shingoni, unaoitwa goita au rovu. Kwa hiyo goita ya namna hii haitokani na laana wala kubeba mizigo kichwani. Ni tezi iliyotii amri kwa miaka mingi bila kupewa malighafi.

Homoni zikipungua sana, umetaboli wa mtu aliyepumzika unaweza kushuka kwa theluthi moja au zaidi. Hapo ndipo zinapokuja dalili za yule dada wa sweta: kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, uchovu usioisha kwa usingizi, choo kigumu, ngozi kavu, uso kuvimba, mapigo ya moyo ya polepole, hedhi kuvurugika na kusahau. Uzito huongezeka, lakini mara nyingi ni kilo chache tu, nyingi zikiwa za maji yaliyobaki mwilini. Mtu aliyeongeza kilo 30 asiharakishe kuilaumu tezi.

Zikizidi, mambo hugeuka. Mwili unachoma chakula kama jiko lililofunguliwa hewa yote. Mtu anakula sana na bado anakonda, moyo unakwenda mbio akiwa amekaa, mikono inatetemeka akihesabu noti, jasho linamtoka hata Bugarama, usingizi unakimbia na hasira ziko karibu. Wengine macho huanza kutokeza. Asipotibiwa, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake na kushindwa kazi.

Magonjwa ya aina zote mbili huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume. Kwa biashara za mipakani, ambazo sehemu kubwa hubebwa mabegani mwa akina mama, hilo si jambo dogo.

Mtoto ambaye hajazaliwa

Mtu mzima aliyepungukiwa homoni anaweza kutibiwa akarudi kazini. Mtoto aliye tumboni hana nafasi ya pili.

Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, tezi ya mtoto haijaanza kufanya kazi yake sawasawa. Ubongo wake unajengwa kwa homoni za mama. Mama akipungukiwa sana na madini joto, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa akiwa kiziwi, mfupi na mwenye ulemavu wa akili usiorekebishika. Hata upungufu usio mkubwa hivyo unaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza bila mtu kujua sababu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutaja upungufu huu kuwa chanzo kikuu duniani cha madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70, unapata takribani gramu 4 tu, mzigo usiojaza kijiko cha chai. Ila hauwezi kumezwa siku moja na kumalizwa. Tezi huweza kutunza akiba ya miezi michache tu, kisha lazima ipelekewe tena.

Milima, muhogo na njia ya chumvi

Madini joto mengi ya dunia yako baharini. Ardhi ya milimani, iliyooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, hubaki na kidogo, na hivyo maharage, ndizi na viazi vinavyoota humo huwa navyo kidogo. Hiyo ndiyo sababu goita ilizoeleka milima ya Burundi na Kivu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania na sehemu nyingi nyingine za maeneo ya maziwa makuu. Ndagala na mukeke wa Ziwa Tanganyika ni chakula bora, lakini samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wale wa baharini.

Mfano uliojulikana duniani kote uko jirani kabisa: kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuta watu wengi wenye goita upande wa kaskazini wa kisiwa, ilhali sehemu nyingine ya kisiwa hichohicho ilikuwa na wagonjwa wachache, ingawa kote madini joto yalikuwa haba. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huacha sumu ya sianidi. Ini huivunja sumu hiyo, lakini kinachobaki huizuia tezi kunasa hata yale madini joto machache yaliyopo. Somo kwa wauza unga wa muhogo ni kwamba kuloweka na kukausha vizuri kuna maana zaidi ya ladha na weupe wa unga.

Chumvi nayo ina historia ndefu katika eneo hili. Chemchemi za Uvinza, mashariki mwa Kigoma, zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na katika karne ya 19 chumvi yake ilisafirishwa hadi pande zote za Ziwa Tanganyika, Burundi ikiwemo. Lakini kwa chumvi kuwa chumvi haimaanishi ina madini joto. Hata ya baharini haina ya kutosha. Ni lazima yaongezwe kiwandani.

Uswisi ilianza kufanya hivyo mwaka 1922 na jimbo la Michigan, Marekani, likafuata mwaka 1924. Tanzania ilianza miaka ya 1980 kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla ya kanuni za miaka ya 1990 kulazimisha chumvi yote ya chakula iongezwe madini hayo. Kenya ilikuwa imetangulia katika miaka ya 1970. Burundi, isiyo na bahari, inategemea chumvi inayovuka mpaka, na leo kaya zake nyingi zinatumia chumvi yenye madini joto. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kinga ya ubongo wa mtoto wa Burundi imeletwa na lori, mashua na baiskeli.

Kivu ilitoa pia onyo. Mwaka 1996 madaktari waliripoti katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa mashariki mwa Kongo waliopata homoni kupita kiasi baada ya chumvi yenye madini joto kuanza kutumika. Tezi zilizokaa na njaa kwa miaka mingi huwa na vinundu visivyosikiliza tena oda za ofisi kuu. Vikipewa malighafi ghafla, hasa kama ni nyingi mno, vinazalisha bila breki. Ndiyo maana kiasi lazima kiwe sahihi: kisipungue wala kisizidi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kiwango cha pamoja cha chumvi iliyoongezwa madini joto, EAS 35, ili gunia lililopita ukaguzi upande mmoja lisiwe na maana nyingine upande wa pili.

Hesabu ya gunia moja

Chukua gunia la kilo 50 lenye miligramu 40 za madini joto katika kila kilo. Gunia zima lina gramu 2 tu za madini hayo. Hayaonekani, hayanuki, hayabadilishi ladha, na yakipotea uzito wa gunia haubadiliki kwenye mizani. Mnunuzi hawezi kulalamika kwa sababu hajui alichopoteza.

Familia ya watu sita, kila mmoja akila gramu 5 za chumvi kwa siku, ambacho ndicho kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, hutumia gramu 900 kwa mwezi. Gunia moja basi ni chumvi ya mwezi mzima kwa familia 55. Likilowa mvua kwenye mashua au likaachwa wazi juani soko zima la Cotebu, ni familia 55 zilizonunua chumvi iliyopungua kinga.

Viwanda vya ukanda huu hutumia aina ya madini joto inayoitwa potasiamu ayodeti, kwa sababu huvumilia joto na unyevu kuliko nyingine. Kuvumilia huko kuna mwisho. Unyevu huyayeyusha madini na kuyashusha chini ya gunia, kisha yanavuja na maji. Jua na hewa humaliza yaliyobaki. Kuosha chumvi ya mawe ili ing'ae, jambo ambalo baadhi ya wauzaji na wapishi hulifanya, ni kuyamwaga moja kwa moja.

Anayeuza chumvi anaweza kulinda mzigo wake kwa mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Anunue magunia yenye mfuko wa plastiki ndani na yenye alama ya shirika la viwango, kama TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda au BBN ya Burundi. Ayapange juu ya mbao, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Auze kwanza mzigo ulioingia kwanza. Anayepima kwa kopo atumie chombo kikavu na afunge gunia kila baada ya mteja, na anayeweza auze pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani. Matone ya kupimia chumvi yanapatikana kwa wakaguzi wa afya: yakidondoshwa kwenye chumvi yenye madini joto, hugeuka rangi ya bluu au zambarau. Hayasemi kiasi kamili, lakini chumvi isiyobadilika rangi imeshajieleza.

Kwa mpishi, ushauri ni mfupi: chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko, na chumvi itiwe sufuria ikikaribia kuepuliwa. Haina maana ya kuongeza chumvi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na anayelishwa kiasi sahihi cha madini joto hana haja ya kijiko cha pili.

Kabla ya kununua dawa upande wa pili

Chumvi nzuri haizuii kila ugonjwa wa tezi. Wapo ambao kinga ya mwili wao yenyewe huishambulia tezi na kuidhoofisha, na wapo ambao kinga hiyohiyo huichochea izalishe kupita kiasi. Hao hawaponi kwa madini joto, na wengine hudhurika wakipewa zaidi. Kuokota chupa ya matone ya ayodini kwa mchuuzi kwa sababu shingo imevimba ni kucheza kamari.

Mwanzo sahihi ni kipimo cha damu cha TSH. Oda zikiwa nyingi kuliko kawaida, tezi inazalisha kidogo. Oda zikiwa zimekaribia kukoma, mara nyingi tezi imezidisha. Daktari akithibitisha upungufu, tiba ni kidonge cha thairoksini kinachomezwa kila siku, asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, si kwa kahawa wala maziwa. Kwa wengi ni dawa ya maisha.

Hapo ndipo safari za mipakani huleta shida. Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikibaki baada ya wiki moja, kwa hiyo kusahau siku moja Kobero au Gatumba hakumwangushi mtu. Kuiacha wiki tatu kwa sababu mzigo umekwama kunamrudisha kwenye baridi na usingizi. Msafiri abebe ya kutosha na ziada, aiweke mbali na jua la dashibodi, na awe na karatasi ya daktari ya kumwonyesha mkaguzi. Asibadilishe kipimo kwa kuona vidonge vya upande wa pili vina rangi nyingine. Asome namba za maikrogramu. Anayevimeza ili kupunguza unene bila kuwa na ugonjwa anauchosha moyo wake.

Mjamzito anayetumia dawa hii asiiache. Amwone daktari mapema, kwa sababu mara nyingi kiasi chake huhitaji kuongezwa.

Yule mfanyabiashara wa Gasenyi, kama atafika maabara kabla ya kufika kwa mganga, ana nafasi nzuri. Wiki kadhaa za kidonge kidogo kila asubuhi humrudishia mgonjwa wa namna yake joto la mikono, na hesabu hurudi kichwani. Atapanda tena Bugarama na koti, na akiteremka mjini atalivua kama wenzake. Na kama gari lake linaporudi hubeba pia gunia la chumvi kwa ajili ya duka la jirani, atajua kwa nini turubai inapaswa kulifunika hilo kabla ya kabichi.